Domeni tatu, seva moja: kwa nini ya shule inafungua hoteli?

Swali. *Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza. Nimekodi seva moja ya Ubuntu 24.04 yenye RAM ya GB 2, nimeweka Nginx iwe inapokea wageni wa tovuti zote. Nina wateja watatu: hoteli inayotumia WordPress, shule yenye mfumo wa ada ulioandikwa kwa Django, na duka la jumla lenye programu ya Node.js. Ya hoteli ilikwenda vizuri na cheti cha SSL nikaweka. Nilipoongeza ya shule, nikiandika http inafunguka sawasawa, lakini nikiandika https napata onyo la cheti, na nikilipuuza inafunguka tovuti ya hoteli! Ya duka sijaigusa. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii ameniambia kila tovuti yenye SSL lazima iwe na IP yake, ninunue IP mbili zaidi au seva mbili. Ni kweli? Na je, nikiweka zote kwenye domeni moja, moja /ada nyingine /duka, si itakuwa rahisi? Halafu hiyo RAM itatosha?*

Jibu. Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu. Dalili uliyoitaja, http sawa na https inaleta hoteli, imenitosha kujua ugonjwa kabla sijaona mafaili yako: shule haijaandikiwa chochote kwenye poti 443. Umeiandikia poti 80 peke yake.

Ichukulie seva yako kama nyumba ya wapangaji. IP ni nyumba, poti ni mlango, na domeni ni jina la mpangaji ambalo mgeni analitaja anapopiga hodi. Mlango wa 80 una wapangaji wawili, mgeni akimtaja wa shule anaitwa. Mlango wa 443 una mpangaji mmoja tu, hoteli. Mgeni anabisha hodi anamtafuta mwalimu mkuu, hayupo upande ule, basi anatoka mhudumu wa hoteli na kumkaribisha ndani.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wengi. Tunategemea kwamba Nginx ikikosa jina itakataa. Haikatai. Inachagua kwa hatua mbili. Kwanza inaangalia ombi limeingia kwa IP na poti gani, na kutenga bloku zote (vipande vya mipangilio, kila kimoja cha tovuti moja) ambazo mstari wake wa `listen` unalingana. Ndani ya hizo tu ndipo inatazama `server_name`, yaani jina la tovuti. Ikikosa jina linalolingana, inatoa bloku iliyotiwa alama ya `default_server`, na kama hakuna yenye alama hiyo, inatoa iliyosomwa kwanza. Mafaili ya folda ya `sites-enabled`, yenye tovuti zilizowashwa, husomwa kwa alfabeti. Kwa hiyo jina ulilolipa faili lako linaweza kuamua nani apokee wageni wasio na mwenyewe, na wewe hukuwahi kufikiri kwamba unaamua chochote.

Jionee mwenyewe. Amri hii inamwaga mipangilio yote ya Nginx kama inavyoisoma, tukichuja mistari tunayoitaka:

```
sudo nginx -T | grep -E '^\s*(listen|server_name) '
```

Kwako nategemea utaona kitu kama hiki (majina nimeyabadilisha, `.example` imetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, hakuna anayeweza kuisajili):

```
listen 80;
server_name ada.example;
server_name hoteli.example www.hoteli.example;
listen 443 ssl; # managed by Certbot
listen 80;
server_name hoteli.example www.hoteli.example;
```

Hesabu mistari ya 443. Ni mmoja. Tazama tena: `www.ada.example` haipo popote. Huenda umeijaribu kwa http ikafunguka ukadhani iko sawa. Kama ulishaliondoa faili la `default` linalokuja na Ubuntu, basi imefunguka kwa bahati, kwa sababu herufi a inatangulia h. Siku ukipata mteja wa nne ambaye faili lake linaitwa `aaa`, hiyo www ya shule itahamia kwake.

Sasa huyo kaka. Hakukudanganya, amekupa ushauri uliokuwa sahihi wakati yeye anajifunza kazi. HTTP ya mwanzo haikukilazimisha kivinjari kutaja jina la tovuti. Kiliunganishwa na IP, kikasema nipe ukurasa wa kwanza, basi. Seva ingejuaje ni ukurasa wa nani? Ndiyo maana kila tovuti ilihitaji IP yake. HTTP/1.1, iliyotolewa Januari 1997 kama RFC 2068 (RFC ni nyaraka za kanuni za mtandao), ndiyo iliyoifanya heda ya `Host`, mstari wa ombi unaotaja jina la tovuti, kuwa lazima, na ombi lisilo nayo linarudishiwa kosa la 400. Tangu hapo tovuti mia zinaweza kukaa nyuma ya IP moja bila kugombana.

Ila upande wa SSL tatizo lilibaki. Cheti huonyeshwa wakati wa kusalimiana, kabla ombi lenyewe halijatumwa. Heda ya `Host` inafika ikiwa imechelewa: seva imeshaombwa kitambulisho na haijui inaitwa nani. Dawa ilikuja mwaka 2003 kwenye RFC 3546, inaitwa SNI: kivinjari kinataja jina la tovuti ndani ya salamu yake ya kwanza kabisa, na seva inachomoa cheti kinachohusika. Tatizo ni kwamba Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuijua SNI mpaka inakufa, na XP ilikuwa kwenye kompyuta za ofisi nyingi mpaka Microsoft ilipoacha kuihudumia Aprili 2014. Simu za Android za toleo la 2 nazo zilikuwa hivyohivyo. Aliyeanza kazi mwaka 2010 hakuwa na ujanja, alinunua IP. Leo sioni sababu. Tena IPv4 zote duniani ni kama bilioni 4.3, IANA, shirika linalogawa namba za IP duniani, ilishagawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na IP ya ziada sasa ni kodi ya kila mwezi.

Turudi kwenye kazi. Bloku ya shule iandike hivi, kwenye `/etc/nginx/sites-available/ada`:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name ada.example www.ada.example;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8001;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Nimechukulia kwamba Django yako inaendeshwa na Gunicorn, programu ya kuendesha tovuti za Python, kwenye poti 8001. Kiungo cha kwenda `sites-enabled` unajua kukiweka. Kisha:

```
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
sudo certbot --nginx -d ada.example -d www.ada.example
```

Certbot, programu inayoomba vyeti na kuviweka, itatafuta bloku yenye majina hayo, iiongezee `listen 443 ssl` na njia za cheti, halafu iunde bloku ndogo ya poti 80 ya kuwasukuma watu waende https. Hapo tatizo uliloniandikia limekwisha. Kama unapenda kujaribu kwanza, tumia `certbot certonly --nginx --dry-run` na majina yaleyale. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti hivyo, huvumilia uthibitisho ulioshindwa mara 5 tu kwa saa kwa jina moja, na fundi aliye na haraka anazimaliza tano hizo ndani ya dakika tatu, halafu anakaa anatazama ukuta.

Jambo moja kabla hujaenda mbali. Nakuomba usiweke nakala za akiba ndani ya `sites-enabled`. Nginx ya Ubuntu inasoma kila faili lililo mle, liitwe jina lolote, hata `bak-hoteli`. Utabadilisha `hoteli` mara kumi bila kuona tofauti kwa sababu inayotumika ni ile nakala iliyosomwa kwanza. `nginx -t` hukuonya kwa maneno `conflicting server name`, lakini inamalizia kwa kusema kila kitu ni sawa, na macho yetu huwa yanasoma mstari wa mwisho tu.

Baada ya hapo, mwandikie mgeni asiye na mwenyewe mahali pake. Hili watu wengi hawalifanyi, na ndilo ningekufundisha kwanza ungekuwa umekaa hapa mezani. Fungua faili `00-kataa`:

```
server {
    listen 80 default_server;
    listen [::]:80 default_server;
    server_name _;
    return 444;
}

server {
    listen 443 ssl default_server;
    listen [::]:443 ssl default_server;
    ssl_reject_handshake on;
}
```

444 si namba ya HTTP inayotambulika kwingine, ni ya Nginx yenyewe, na maana yake ni kata mawasiliano bila kujibu neno. `ssl_reject_handshake` inafanya hivyohivyo kwenye SSL: asiyetaja jina tunalolijua haonyeshwi cheti cha mtu yeyote. Ilianza kwenye toleo la 1.19.4. Ubuntu 24.04 yako ina Nginx 1.24, kwa hiyo uko salama, lakini ukienda kumsaidia mwenzako mwenye Ubuntu 22.04 utakuta 1.18 na itakataa mstari huo. Huko itabidi utengeneze cheti chako cha bandia kwa ajili ya bloku hiyo. Na `nginx -t` ikilalamika `a duplicate default server`, ni lile faili la `default` lililokuja na Ubuntu, litoe kwenye `sites-enabled`.

Faida yake utaiona haraka. Siku ukikosea jina au ukisahau 443, hutaona hoteli mahali pa shule, utaona mawasiliano yamekatika, na utajua papo hapo kwamba jina halijaandikwa. Pili, kuna watu wasio na kazi wanaoelekeza domeni zao kwenye IP za wengine. Bila bloku hii, tovuti ya mteja wako inaweza kuonekana chini ya jina usilolijua, na injini za kutafuta zikaisajili huko.

Sasa zile heda tatu. Watu huzinakili bila kujua kazi yake, halafu siku moja wanaifuta mojawapo.

Usipoandika `proxy_set_header Host $host`, Nginx inaiambia Django kwamba mgeni alitafuta `127.0.0.1:8001`. Kama `ALLOWED_HOSTS` yako ina jina la shule tu, kila ukurasa utarudi 400. Hiyo afadhali, maana utaiona. Mbaya zaidi ni ukiwa umeacha `DEBUG = True` na `ALLOWED_HOSTS` tupu: Django inaikubali 127.0.0.1 kimyakimya, kila kitu kinafunguka, mpaka mzazi mmoja asahau nywila, aombe kiungo cha kuibadilisha, apokee barua pepe inayomwambia abonyeze `http://127.0.0.1:8001/...`. Kwenye simu yake hapo hakuna kitu.

`X-Forwarded-Proto` ndiyo inayoiambia Django kwamba mgeni alikuja kwa https, kwa sababu kati ya Nginx na Gunicorn mazungumzo ni http tupu. Lakini Django haiamini heda hiyo mpaka uiruhusu kwenye `settings.py`:

```
SECURE_PROXY_SSL_HEADER = ('HTTP_X_FORWARDED_PROTO', 'https')
```

Ukiwasha `SECURE_SSL_REDIRECT` bila mstari huu, Django itamwambia kila mgeni aende https, mgeni ataenda https, Nginx itapeleka http, Django itasema tena nenda https, na kivinjari kitachoka na kuandika kwamba kuna mizunguko mingi mno. Na tangu Django 4.0 kuna sura nyingine ya kosa hilihili: fomu ya kuingia inarudisha 403 ya CSRF (ulinzi dhidi ya fomu za kughushi) ingawa nywila ni sahihi, kwa sababu kivinjari kinasema kimetoka `https://ada.example` na Django inaamini yenyewe ni `http://ada.example`. Watu huhangaika na fomu siku nzima, na kosa liko kwenye heda.

Ya tatu, `X-Forwarded-For`, inabeba IP halisi ya mgeni. Bila hiyo, Django inaona wazazi wote wa shule wametoka 127.0.0.1.

WordPress ya hoteli haipitii `proxy_pass`, Nginx inazungumza moja kwa moja na PHP-FPM inayoiendesha, hivyo haya hayaihusu sana. Ila ina tabia yake. Imeandika domeni yake ndani ya hifadhidata, kwenye `siteurl` na `home`. Hoteli ikibadilisha domeni, utaweka Nginx sawa kabisa na bado WordPress itamrudisha mgeni kwenye jina la zamani kwa 301. Na 301 kivinjari huikumbuka, kwa hiyo hata ukisharekebisha, kivinjari chako kitaendelea kukudanganya. Ndiyo sababu mimi sijaribu mambo haya kwa kivinjari. Natumia curl:

```
curl -I --resolve ada.example:443:203.0.113.10 https://ada.example/
```

Hiyo `--resolve` inasema: usiiulize DNS (daftari la majina ya domeni na IP zake), jina hili liko kwenye IP hii. Weka IP ya seva yako mahali pa hiyo ya mfano. Unaweza kuipima tovuti nzima, pamoja na SNI na cheti, kabla mteja hajagusa rekodi zake za DNS. (Cheti lakini kinahitaji DNS iwe imeshaelekezwa kwako, maana Let's Encrypt hukutafuta kwa jina kupitia poti 80. Ukiwa bado, pima kwa http.) Ikirudi 502, Nginx imemjua mpangaji lakini hayumo chumbani: Gunicorn haiendeshwi, au umekosea namba ya poti. Kuwa na furaha ukiiona 502, kwa sababu ina maana sehemu ya majina umeipata.

Upande wa DNS nina kovu langu. Nilihamisha tovuti ya mteja mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Nikabadilisha rekodi ya A, ile inayotaja IP ya domeni, nikapima, nikaona mpya, nikalala. Asubuhi mhasibu wake ananiambia anaona ya zamani. Nikamwambia subiri, DNS inasambaa. Siku ya pili ananiambia vilevile, mimi naona mpya, mwenye duka anaona mpya, yeye na wateja kadhaa wanaona ya zamani. Nikaanza kumshuku mhasibu. Kumbe domeni ilikuwa na rekodi ya AAAA, ile ya IPv6, ambayo mtangulizi wangu aliiweka na mimi sikuitazama. Ilikuwa bado inaelekeza kwenye seva ya zamani, iliyokuwa bado hai. Mtandao wa simu wa mhasibu ulikuwa na IPv6, wa kwangu haukuwa. Kwa siku mbili oda 11 ziliingia kwenye hifadhidata iliyokufa, nikazihamisha moja moja kwa mkono huku namwomba radhi. Kwa hiyo kabla ya kusema DNS iko sawa, uliza mara mbili:

```
dig +short ada.example A
dig +short ada.example AAAA
```

La pili likirudisha kitu usichokijua, futa au rekebisha. Na siku moja kabla ya kuhamisha chochote, teremsha TTL (sekunde ambazo rekodi hukumbukwa) iwe 300. Wanaoacha 86400 wanasubiri siku nzima, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Ya duka sasa itakuwa nyepesi. Bloku ni ileile ya shule, badilisha jina na poti, tuseme 3000. Lakini iangalie kwanza Node inasikiliza wapi:

```
sudo ss -tlnp
```

Ukiona `127.0.0.1:8001` kwa Gunicorn, vizuri. Kwa Node huenda ukaona `*:3000`, kwa sababu `app.listen(3000)` peke yake husikiliza pande zote. Maana yake mtu yeyote akiandika IP yako na `:3000` anaingia dukani kwa mlango wa nyuma, bila SSL, bila Nginx, bila chochote ulichokiweka mbele. Andika `app.listen(3000, '127.0.0.1')`. Halafu kama unatumia Docker, usijipe moyo kwamba ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, imefunga. Docker huandika kanuni zake za iptables kivyake, na poti uliyoichapisha kwa `-p 3000:3000` iko wazi kwa dunia hata kama `ufw status` inaonyesha imefungwa. Andika `-p 127.0.0.1:3000:3000`.

Kama duka wanapakia picha za bidhaa, zitakataliwa na kosa la 413, kwani Nginx kwa kawaida haipokei zaidi ya MB 1. Weka `client_max_body_size 10m;` ndani ya bloku ya duka pekee.

Kuhusu wazo lako la domeni moja yenye /ada na /duka: usifanye. Kwanza ni wateja watatu tofauti, na siku mmoja akihama utamkabidhi nini? Pili, programu zinazokaa kwenye domeni moja zinaonana kwenye vidakuzi, na zote mbili zikitumia jina moja la kidakuzi, mhasibu wa shule atakuwa anatolewa nje kila anapofungua duka. Tatu kuna ule mkwaju mmoja (/) uliotesa mafundi wengi: ndani ya `location /duka/`, `proxy_pass http://127.0.0.1:3000/` yenye mkwaju mwishoni inaondoa /duka kabla ya kupeleka ombi, na isiyo na mkwaju inalipeleka zima. Herufi moja, na picha zote zinapotea. Domeni ndogo haina gharama yoyote ukishamiliki domeni, na rekodi ya A unaiweka kwa dakika moja.

Ukiwa na Apache badala ya Nginx, mantiki haibadiliki, hata tabia ya kumpa wa kwanza asiyejulikana ipo. `apachectl -S` ndiyo itakayokuonyesha orodha. Caddy nayo inaomba vyeti yenyewe na mistari ni michache mno, ila wewe Nginx umeshaianza, imalize.

Usisahau kupima kama vyeti vitajihuisha, maana vina uhai wa siku 90 na utakuwa umeshasahau ulivyoviweka:

```
sudo certbot renew --dry-run
```

Na ujue kwamba kila jina unaloliombea cheti linaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Usiite kitu `majaribio.ada.example` ukaamini hakuna atakayekijua. Roboti hubisha hodi ndani ya dakika chache.

RAM. Nginx yenyewe haili kitu, ni MB chache. Wanaokula ni MariaDB (hifadhidata), PHP-FPM, Gunicorn na Node. GB 2 zitatosha kwa hoteli, shule na duka la kawaida ukiwa na nidhamu: Gunicorn mpe wafanyakazi 2, `pm.max_children` ya PHP iache 5 ilivyo, na uweke swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM), kwa sababu seva nyingi za kukodi huja bila swap kabisa.

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Kipimo chako kitakuwa siku shule inafungua muhula na wazazi wote wanaingia kuangalia ada asubuhi moja. RAM ikiisha, Linux huchagua wa kumuua, na mara nyingi anayeuawa ni MariaDB kwa sababu ndiyo nene kuliko wote, ingawa aliyesababisha ni mwingine. Kwa hiyo ukipigiwa simu na hoteli kwamba tovuti imeandika `Error establishing a database connection` wakati hukugusa kitu chochote cha hoteli, usikimbilie mafaili ya Nginx. Anza hapa:

```
sudo dmesg -T | grep -i 'killed process'
```